Siku Jukwaa Lilipokuwa Tuta

Nchi ya Nderemoni imepakana na nchi tatu zinazoionea wivu na ziwa moja lisilosema kitu. Fahari zake ni nyingi, na orodha yake imebandikwa katika kila kituo cha polisi ili mwenye kusahau akumbushwe. Ya kwanza katika orodha ni Mkuu wa Nchi. Ya pili ni saini ya Mkuu wa Nchi. Michezo iko ya kumi na nne, chini kidogo ya hali ya hewa.

Saini haikuwekwa pale kwa upendeleo. Kifungu cha kwanza cha Katiba kinasema kwamba kila karatasi iliyotiwa saini na Mkuu ni kweli, na kweli haifutwi. Na kwa kuwa karatasi ni nyingi na Mkuu ni mmoja, alikwisha kuzoea kutia saini kila kinachowekwa mbele yake bila kukipotezea muda kwa kukisoma. Siku moja vipimo vya suruali yake vilichanganyika na ramani ya mikoa, na mpaka leo Mkoa wa Kaskazini una kiuno cha inchi arobaini na nne. Wenyeji wamejibana, wamezoea.

Mwaka juzi Mkuu alitembelea nchi ya mbali, akaonyeshwa mchezo. Watu wazima walikuwa wakikimbia baina ya mbao na mapipa, bastola mkononi, wakitoboa shabaha za boksi. Nyuma ya kila mlengaji alifuata mwamuzi mwenye kidude kinacholia pii na kuhesabu sekunde. Aliyetoboa katikati, upesi kuliko wenzake, ndiye aliyeshinda. Mkuu aliupenda. Aliporudi alilitangazia taifa kwamba mchezo huu ulibuniwa Nderemoni na babu zake, kabla bastola hazijabuniwa. Ikaundwa Wizara ya Ulengaji, yenye maofisa mia moja na arobaini. Bastola za mchezo nchini zilikuwa nne.

Zote nne alikuwa nazo Bwana Shomvi.

Bwana Shomvi alikuwa mtunza ghala la silaha wa magereza aliyestaafu, mzee mwembamba wa kunyoosha pasi hata soksi. Katika shimo la zamani la udongo wa matofali, nje ya mji mkuu, alikuwa ameanzisha uwanja wa kulenga wenye wanachama kumi na mmoja. Kitabu cha kanuni alikisoma kwa kamusi, miaka mitatu, akazinakili kanuni zote mia na kumi na mbili katika daftari kwa mwandiko ambao ofisa yeyote wa Wizara angeuonea haya, kama maofisa wa Wizara wangekuwa na haya. Kanuni ya kwanza ilisema: Mtutu huelekea tuta daima. Tuta ni ule ukuta wa udongo ulioshindiliwa nyuma ya shabaha, kimo cha watu wawili na nusu, ambao kazi yake ni kumeza risasi zote, zilizopata na zilizokosa. Bwana Shomvi alikuwa akiwaambia wanagenzi kwamba tuta ndilo mchezaji pekee asiyekosea.

Langoni alikuwa na ubao mweusi. Juu yake paliandikwa kwa rangi: SIKU BILA MTU KUUMIA. Chini yake, kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, alifuta namba kwa kitambaa na kuandika nyingine kwa chaki. Asubuhi Kamati ya Maandalizi ilipokuja kumtembelea, ubao ulisema 7,004. Hakuwa na mali nyingine ya kujivunia, na hakuitafuta.

Kamati iliongozwa na Waziri wa Ulengaji, Mheshimiwa Dakta Sudi Makwasa, ambaye udaktari wake ulikuwa wa heshima na heshima yake ilikuwa ya kukodi. Alitembea uwanjani na wajumbe ishirini na sita, akatazama, akasimama pale anaposimama mlengaji, akageuka.

"Jukwaa la wananchi liko huku nyuma," alisema.

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Bwana Shomvi. "Nyuma ya mlengaji."

"Kwa hiyo Mkuu atakapokuwa analenga, atawapa wananchi kisogo."

"Na tuta atalipa uso. Ndivyo inavyotakiwa."

Dakta Makwasa aliwatazama wajumbe, nao wakasikitika pamoja, kila mmoja akichunga asisikitike kumzidi Waziri. "Mzee wangu, Mkuu hajawahi kuwapa wananchi kisogo. Hata akiondoka kwenye mkutano hutembea kinyumenyume mpaka garini. Lihamishe jukwaa. Liweke kule mbele, nyuma ya shabaha."

"Kule ndiko zinakokwenda risasi, Mheshimiwa."

"Zote?"

"Zote. Hazina kwingine."

Wajumbe waliomba dakika arobaini za kulijadili hilo. Waliporudi walikubali jukwaa libaki, kwa masharti. Zile shabaha nyeupe zilizowekwa baina ya shabaha nyingine, ambazo huwakilisha raia na ambazo mlengaji akizipiga hupunguziwa alama, hazikuwa na furaha. Raia wa Nderemoni hawezi kusimama bila furaha, hata akiwa boksi. Akaletwa mchoraji, akazichorea meno.

*

Siku ya mashindano ubao ulisema 7,012. Jukwaani waliletwa watu mia tisa kwa malori, wakapewa vibendera na ahadi ya pilau saa saba. Masufuria yalikwisha kuinjikwa nyuma ya jukwaa, na harufu ya bizari ilikuwa ikiwapitia watu puani, safu kwa safu, kama mkaguzi wa tikiti. Safu ya pili alikaa mke wa Bwana Shomvi, Bi Tatu, na chupa yake ya chai, kwa sababu yeye ahadi za Serikali alikuwa akizipokea huku amebeba chake.

Mkuu alikuwa mlengaji namba moja. Alikuwa pia namba mbili mpaka namba ishirini, lakini ratiba ilieleza kwamba zamu nyingine atazipiga kama akijisikia.

Bwana Shomvi alisimama ubavuni pake, umbali wa mkono mmoja, kidude cha pii mkononi. Alitoa amri kwa sauti ileile aliyowatolea wauza mitumba na makarani kwa miaka kumi na tisa.

"Jaza risasi, jiandae."

Mkuu alijaza.

"Uko tayari?"

Ofisa wa Itifaki alirukia mbele. "Mkuu huwa tayari daima. Haulizwi."

"Kanuni inataka nimuulize."

"Basi mimi najibu kwa niaba ya ofisi: yuko tayari, na amekuwa tayari tangu uhuru."

"Subiri mlio," alisema Bwana Shomvi, akabonyeza. Pii.

Mkuu hakuondoka. Hajawahi kuondoka kwa kupigiwa mlio. Alivuta pumzi, akaitazama kamera ya televisheni ya taifa, na ilipofika sekunde ya kumi na tisa ndipo aliposogea, kwa mwendo wa mtu anayekagua gwaride. Alipiga risasi nane. Tatu zilipata shabaha. Moja ilimpata raia wa boksi kwenye meno. Nne zilimezwa na tuta.

Jukwaa lililipuka kwa makofi. Nderemoni watu hawashindani kupiga makofi kwanza. Hushindana kutokuwa wa kwanza kuacha. Mkuu aliyasikia, na mwili wake ukafanya ulichofunzwa kwa miaka ishirini na saba. Uligeuka kuwapungia wananchi mkono. Mkono uliopunga ulikuwa wa kulia, na wa kulia ndio uliokuwa na bastola, kidole kikiwa kwenye kifyatulio na risasi mbili zikiwa zimebaki.

Mtutu ulipita juu ya safu ya kwanza, ukapita juu ya safu ya pili, juu ya Bi Tatu na chupa yake. Watu mia tisa walizidisha makofi.

"Simama," alisema Bwana Shomvi.

Hakupaza sauti. Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa mbele ya Mkuu, kwa hiyo hapakuwa na aliyefunzwa la kufanya likitamkwa. Makofi yalikatika. Walinzi walitazamana.

"Elekeza mtutu kwenye tuta. Toa kidole. Toa magazini ya risasi. Onyesha chemba ikiwa tupu."

Na Mkuu, ambaye kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyemwambia jambo moja lililonyooka, alifanya yote manne, moja baada ya jingine, kwa utiifu wa mtoto anayevishwa shati. Bwana Shomvi alitazama chemba, akaona ni tupu, akavuta karatasi ya alama na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: Mlengaji namba 1. Mtutu ulielekea jukwaani, risasi mbili zikiwamo. Ameondolewa mashindanoni.

Kisha akampa atie saini, kwa kuwa karatasi ya alama huwa haikamiliki bila saini ya mlengaji. Mkuu aliona karatasi mbele yake. Akatia saini.

*

Katika hema la wageni rasmi, Mkuu alikuwa nyuma ya pazia akinywa maji ya madafu na kuambiwa kwamba amevunja rekodi. Upande wa pili wa pazia, Dakta Makwasa alikuwa ameishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

"Ichane," alimwambia Bwana Shomvi.

"Ina saini, Mheshimiwa. Nani humu anachana saini?"

Waziri aliiweka karatasi mezani haraka, akajifuta vidole.

"Mzee Shomvi, umri huu unatafuta nini? Una pensheni, una mke, una shimo lako la matofali. Ungeshindwa kutazama pembeni kidogo?"

"Kazi yangu ni kutazama mtutu. Ningetazama pembeni ningemwona mke wangu, na mtutu ungekuwa unamtazama yeye."

Ndipo alipoitwa Bwana Fikirini, Mwanasheria wa Serikali. Bwana Fikirini alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukuta ukuta asioupatia mlango, wala mlango asioukalia. Aliisoma karatasi mara tatu. Akatabasamu.

"Waheshimiwa mnahangaika bure. Tuanze na tunachokijua. Karatasi inasema mtutu ulielekea jukwaani. Mkuu ametia saini, kwa hiyo ni kweli. Tumekubaliana?"

Walikubaliana.

"Kanuni ya kwanza ya mzee huyu inasema mtutu huelekea tuta daima. Kitabu chake kilipitishwa mwaka jana, Mkuu akakitia saini, kwa hiyo nayo ni kweli. Na Mkuu havunji kanuni."

"Hajawahi," alisema Dakta Makwasa.

"Basi kama mtutu wa Mkuu ulielekea jukwaani, na mtutu wa Mkuu huelekea tuta daima," alisema Bwana Fikirini, akifungua viganja, "jukwaa ni tuta."

Wajumbe walimtazama kama watu walioonyeshwa kisima. Mmoja alilia.

"Na hapo paliposema ameondolewa mashindanoni?" aliuliza Waziri.

"Ameondolewa kwa kukosa mpinzani. Mashindano yako chini yake."

Bwana Shomvi aliwaangalia mmoja mmoja, akitafuta aliyekuwa akitania. Hakumpata. "Jukwaani kuna watu mia tisa," alisema.

"Kulikuwa na watu," alisema Bwana Fikirini kwa upole. "Sasa kuna tuta."

Kipaza sauti kilitangaza. Sauti ya Dakta Makwasa iliwaeleza wananchi kwamba kuanzia leo, na tangu zamani, wao ndio Tuta la Taifa; kwamba mataifa mengine yanajikinga kwa udongo mtupu, lakini Nderemoni inajikinga kwa wananchi wenyewe; na kwamba saa nane, kwa heshima yao, Mkuu atapiga raundi maalumu akiwa amewaelekea, ili asiwape kisogo tena. Wananchi walipiga makofi. Vijana wa Wizara walipita na beji za duara zilizoandikwa TUTA, na safu ya nyuma ikanung'unika kwamba za mbele zimepewa kubwa. Mwalimu mkuu mmoja alisimama kuomba tuta la wilaya yake litambuliwe kipekee, kwa kuwa lilifika mapema.

Shabaha zilianza kuhamishwa. Zikapangwa mbele ya jukwaa, meno yakiwatazama watu, watu wakiyatazama meno, na kwa mbali isingekuwa rahisi kusema ni upande upi uliokuwa umechorwa.

*

Bwana Shomvi alirudi hemani na daftari lake.

"Kanuni ya tisa," alisema. "Kabla ya raundi, mwamuzi hukagua tuta. Mtu yeyote akionekana juu ya tuta, raundi haianzi."

"Kanuni nzuri sana," alisema Bwana Fikirini. "Umemwona mtu?"

"Nimewaona mia tisa."

"Hao wana beji, mzee wangu. Beji zinasemaje?"

Bwana Shomvi alifunga daftari. Alitazama nje. Bi Tatu alikuwa amekaa palepale safu ya pili, beji ameitia mfukoni, anamtazama mumewe. Angeweza kumwashiria atoke. Angetoka mmoja, wangebaki mia nane tisini na tisa, na ubao wa langoni haukuandikwa SIKU BILA MKE WANGU KUUMIA. Alienda mpaka kwenye jukwaa.

"Tokeni," aliwaambia. "Ile bastola ni ya kweli. Na risasi zake."

"Mzee, usituharibie," alisema jamaa mmoja wa safu ya kwanza, aliyevaa beji mbili. "Sisi tumepewa cheo."

"Cheo cha kupigwa risasi?"

"Mkuu hawezi kutupiga. Analenga boksi."

"Umeona zilikokwenda nane za mwanzo?"

"Tuliona zote zimepata. Tumetangaziwa."

Bi Tatu alifungua chupa yake, akajimiminia chai. "Baba Chausiku," alisema, "hao hawatoki kwa ajili ya risasi. Risasi hawaijui. Waambie wanachokijua."

Bwana Shomvi alisimama kidogo. Upepo ulileta harufu ya bizari. Aligeuka, akarudi hemani kwa mwendo wake wa kawaida, kwa sababu mwamuzi hakimbii uwanjani.

"Bwana Fikirini, nimelikagua tuta. Liko sawa."

"Nilijua wewe ni mtu wa kuelewa."

"Limebaki jambo dogo la mpishi. Ana sahani mia tisa za wananchi, na wananchi sasa hawapo. Tuta huwa halipikiwi. Mkiligawia tuta pilau, mtakuwa mmekiri kwamba ni watu, na mtakuwa mmeikana saini."

Bwana Fikirini alifikiri, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakupata mlango. Dakta Makwasa hakufikiri. Yeye aliona sahani mia tisa na wajumbe ishirini na sita, akaona kwamba sheria ni jambo tamu.

"Mzee anasema kweli. Udongo hauli."

"Ingefaa watangaziwe," alisema Bwana Shomvi, "kwa sauti yako mwenyewe, Mheshimiwa. Mambo ya dola hayafai kusemwa na mzee wa shimo la matofali."

Dakta Makwasa alikishika kipaza sauti na kukohoa. "Ndugu Tuta la Taifa. Wizara inapenda kufafanua kwamba, kwa mujibu wa Katiba, tuta halipewi chakula. Pilau litaliwa na viongozi kwa niaba yenu."

Makofi hayakuja.

Watu mia tisa walioelekezewa bastola wakashangilia, walioambiwa wao ni udongo wakagombea beji, waliahirisha kupumua. Jamaa wa safu ya kwanza alitazama beji zake mbili. "Hata ukoko?" aliuliza. Akazibandua.

Bi Tatu alifunga chupa yake, akajifunga leso kiunoni, akasimama. Nyuma yake akasimama mwalimu mkuu pamoja na tuta la wilaya yake. Kisha ikawa kama ukuta wa matope uliopigwa na mvua. Safu ikafuata safu, viti vikaanguka, vibendera vikakanyagwa, na pale jikoni baadhi yao walipita karibu zaidi kuliko njia ilivyodai, na sufuria mbili zikaondoka nao. Maofisa mia moja na arobaini walijaribu kuwazuia kwa maneno. Lakini kuna maneno gani ya kuliambia tuta linalotembea?

Saa nane kamili Mkuu alitoka nyuma ya pazia, bastola kiunoni, mkono wa kulia tayari kwa kupunga. Alikuta viti, meno ya boksi, na kuku mmoja. Alisimama muda mrefu. Mtu asiyejua ametazamwa au hakutazamwa hajui hata aweke wapi mikono yake.

"Wako wapi?" aliuliza.

"Uwanja umefungwa," alisema Bwana Shomvi. "Hakuna tuta, hakuna kulenga. Ni kanuni ya pili. Bastola, tafadhali."

Mkuu akampa. Bwana Shomvi alitazama chemba, akaona ni tupu, akaifunga katika mkoba wake.

Dakta Makwasa alikuwa amekaa kwenye nyasi. Bwana Fikirini alishika kalamu juu ya fomu ya kuahirisha raundi, fomu ambayo lazima ieleze sababu. "Niandike nini? Nikiandika wananchi wameondoka, hawakuwapo. Nikiandika tuta limeondoka..."

"Lete," alisema Bwana Shomvi. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri, akaiweka karatasi mbele ya Mkuu. Mkuu aliiona karatasi mbele yake, akatia saini, na kwa hiyo mpaka leo ni kweli na haifutwi: *Raundi imeahirishwa. Tuta limekwenda nyumbani kula.*